Kupima mng'ao wa Algol kwa macho matupu ukiwa Tanga

Algol ni nyota jozi katika kundi la nyota la Perseus. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, nyota hafifu hupita mbele ya mwenzake angavu, na mng'ao wa jozi hushuka kutoka magnitudo 2.1 hadi 3.4 (namba ikikua, nyota imefifia). Kupatwa kote huchukua kama saa 10. Macho yanatosha. Kamera ya simu iache, maana hujirekebishia mwanga yenyewe.

Hatua ya 1: Itafute

Januari ni mwezi mzuri, kaskazi ikivuma na vuli imekwisha. Simama Raskazone ukitazama kaskazini, mji ukiwa mgongoni. Kutoka Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, shuka ngumi mbili za mkono ulionyooshwa, chini kushoto. Katikati ya Januari Algol hufika kileleni karibu saa 2 usiku, nyuzi 44 tu juu ya upeo.

Hatua ya 2: Nyota za kulinganishia

Algol ikiwa kileleni, nyota Almach (magnitudo 2.1) iko kushoto na Epsilon ya Perseus (2.9) kulia, karibu kimo kimoja. Alfa ya kundi la Triangulum (3.4) iko juu kushoto, Kapa ya Perseus (3.8) chini kidogo ya Algol. Nyota iliyo nyuzi 2 juu ya Algol ni Rho ya Perseus. Usiitumie kamwe: nayo hubadilika mng'ao. Kwenye ramani za AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao, nukta ya desimali haiandikwi, isije ikadhaniwa nyota, hivyo 34 ni 3.4.

Hatua ya 3: Kadiria

Chagua moja inayoizidi Algol na moja inayozidiwa nayo. Ukiona Algol iko robo ya njia kutoka Almach kwenda Epsilon, ni 2.1 + 0.2 = 2.3. Almach ina rangi ya chungwa, na ukiikodolea macho itazidi kung'aa. Itupie jicho mara moja tu. Rudia kila dakika 15 bila kuchungulia makadirio yaliyotangulia.

Algol ikishuka chini ya nyuzi 30, acha. Hewa ya pwani ina unyevu, na nyota iliyo chini hufifishwa zaidi kuliko iliyo juu yake.

Hatua ya 4: Andika saa

Hapa ndipo kazi ya usiku mzima huharibika. Vipimo hutumwa kwa saa za dunia, UT, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Lakini sisi tunasema saa 3 usiku wakati simu inaonyesha 21:00. Anayetoa 3 kwenye "saa 3 usiku" anapata sifuri, na kipimo chake kimepotea kwa saa 18.

Kanuni ni hii: kwa saa ya Kiswahili, kuanzia saa 1 hadi kabla ya saa 9 usiku, ongeza 15. Saa 3:20 usiku ni 18:20 UT. Saa 8:40 usiku ni 23:40 UT.

Tarehe ni mtego mwingine. Saa 7:10 usiku simu imeshageuka kuwa tarehe 11, ila kwa UT bado ni 22:10 ya tarehe 10. Tarehe ya UT hugeuka saa 9 usiku kwetu. Tena "usiku wa Jumatano" kwa wengine ni ule unaoamkia Jumatano, kwa wengine ni ule unaoifuata. Daftarini andika tarehe zote mbili, "usiku wa 10 kuamkia 11 Januari", kisha saa ya simu kama ilivyo, 01:10. Kugeuza kwenda UT fanya asubuhi, ukiwa huna usingizi.

Hatua ya 5: Tafuta kina cha chini (wakati Algol ilipofifia zaidi)

Chora grafu ya mng'ao kwa saa, ipinde dhidi ya kioo cha dirisha hadi mteremko ulalie mpando. Mkunjo ndio wakati wa kina. Kikitokea saa 5:00 usiku, usiku wa tatu baadaye kitakuwa saa 1:49.