Kesi Iliisha, Rekodi Bado Ipo: Kufuatilia Faili ya Mahakama na Kurekebisha Rekodi ya Polisi Kenya

Ukikamatwa na kushtakiwa, alama zako za vidole hutumwa makao makuu ya DCI, yaani Idara ya Upelelezi wa Jinai. Matokeo ya kesi nayo yanapaswa kufuata njia hiyohiyo, lakini mara nyingi hayafiki. Ndiyo maana mtu aliyeachiliwa na hakimu huomba cheti cha tabia njema miaka kadhaa baadaye, akaambiwa kesi yake bado iko wazi. Hakimu hagusi rekodi za DCI, na DCI haina uwezo wa kubadilisha uamuzi wa hakimu. Karatasi inayounganisha ofisi hizo mbili utaibeba wewe.

Hatua ya 1: Pata namba ya kesi

Unahitaji vitu vitatu: jina la mahakama, namba ya kesi na mwaka. Tafuta karatasi ya mashtaka, risiti ya faini au risiti ya dhamana. Karatasi ya mashtaka ina namba ya polisi na namba ya mahakama, na wengi hunakili ile ya polisi kisha wakahangaishwa bure rejista, yaani ofisi ya mahakama inayotunza faili. Ya mahakama huandikwa kwa mfano Kesi ya Jinai Na. E123 ya 2021. Hiyo E huonyesha kesi iliyosajiliwa kielektroniki. Za zamani hazina.

Kama huna karatasi yoyote, rudi kwenye kituo ulikoshikwa ukiwa na tarehe. Kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, kuna jina lako, na kutoka hapo afisa anaweza kukutajia mahakama uliyopelekwa.

Hatua ya 2: Tafuta mtandaoni, lakini usiamini ukimya

Anza na mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Usajili wa kesi kielektroniki ulianza Nairobi Julai 2020, na kwingine ukafuata baadaye. Kesi ya 2015 huenda haimo kabisa kwenye mfumo, na hilo halimaanishi kwamba imefutwa.

Tafuta pia jina lako kwenye tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama. Hukumu nyingi za mahakimu hazichapishwi huko, ila kesi ikishafika Mahakama Kuu, hata kwa ombi la dhamana tu, uamuzi unaweza kuwekwa ukiwa na jina lako kamili. Uamuzi wa Mahakama Kuu utautambua kwa herufi KEHC. Jaribu majina kwa mpangilio tofauti na kwa makosa ya tahajia. Karani aliyeandika Wanjiku kwa j mbili hakukuuliza.

Hatua ya 3: Nenda rejista

Onyo kwanza. Kama uliwahi kukosa kufika mahakamani, kuna uwezekano mkubwa hati ya kukukamata ilitolewa na bado iko hai. Usiende peke yako kuulizia faili. Nenda na wakili, aombe hati hiyo iondolewe siku hiyohiyo, na uwe na maelezo ya kwa nini hukufika.

Kila mahakama ina rejista yake. Faili ya Makadara huwezi kuipata Milimani wala Kibera. Beba kitambulisho halisi na barua fupi yenye namba ya kesi, jina lililo kwenye mashtaka, na unachotaka: nakala zilizothibitishwa za karatasi ya mashtaka, mwenendo wa kesi, na hukumu au amri ya mwisho. Karani atakukadiria ada, nawe utalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mtu wa kwenye korido anayetaka pesa mkononi si karani.

Mwenendo huchelewa kwa sababu mara nyingi uliandikwa kwa mkono wa hakimu na lazima upigwe chapa. Kama shida yako ni kuthibitisha tu kwamba uliachiliwa, omba amri ya mwisho kwanza. Hiyo ni ukurasa mmoja au miwili. Chukua nakala tatu. Kabla ya kuondoka, kagua muhuri, sahihi, jina na namba ya kifungu cha sheria kilichomaliza kesi. Nakala isiyotaja kifungu itakurudisha.

Faili ikikosekana, mwombe karani aangalie daftari la kesi za jinai, ambamo huandikwa jina, kosa na matokeo. Kisha iandikie mahakama ukiomba faili mbadala iundwe kutokana na nakala zilizoko kwa polisi, kwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (ODPP) na kwako. Kila karatasi uliyotunza nyumbani inasaidia hapa.

Hatua ya 4: Soma kifungu kilichomaliza kesi

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa sababu kizimbani "kuachiliwa" husikika kama neno moja. Fungua ukurasa wa mwisho utafute kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Kifungu cha 215 ni kuondolewa hatia baada ya kesi kusikizwa hadi mwisho. Cha 210 ni kuondolewa hatia kwa kuwa upande wa mashtaka haukuonyesha kesi ya kujibu. Cha 202 hutumika mlalamishi asipofika, na cha 204 anapoondoa malalamiko kwa idhini ya mahakama. Vyote viwili huishia kwa kuondolewa hatia.

Cha 87(a) ni kitu kingine. Mwendesha mashtaka ameondoa kesi kabla hujaitwa kujitetea. Uko huru, lakini unaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Ukiambiwa "kesi imeondolewa" ukapiga shangwe, angalia kama ni hiki. Kesi ikiondolewa baada ya wewe kuitwa kujitetea, kifungu ni 87(b), na hapo umeondolewa hatia. Aliyetoka kwa 87(a) anaweza kuiandikia ODPP akitaka jibu la maandishi kama kuna mpango wa kumshtaki tena.

Sasa upande mchungu: kukiri kosa na kulipa faini ni kupatikana na hatia, hata faini iwe ndogo kiasi gani, na hata kama ulikiri ili urudi nyumbani jioni hiyo. Kuachiliwa chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, bila masharti au kwa sharti lisilozidi miezi 12, kunakuondolea adhabu. Ila amri hiyo hutolewa baada ya mtu kupatikana na hatia.

Hatua ya 5: Kama hukupatikana na hatia, peleka karatasi DCI

Andika barua kwa ofisi ya rekodi za jinai, makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu, na nakala kwa kituo kilichokushtaki. Taja namba ya kesi, tarehe ya amri na kifungu, kisha omba rekodi isahihishwe. Ambatisha amri iliyothibitishwa na nakala ya kitambulisho. Taja Ibara ya 35(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo huna siku ya kuanza kuhesabu.

Kama hujui DCI wameandika nini juu yako, omba habari hizo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kuamua ombi. Ikinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Ikiwa rekodi si yako kabisa, mathalani mtu alitumia jina lako, usibishane kwa majina. Omba alama za vidole zilinganishwe. Kwa sababu hiyohiyo, kubadilisha jina hakumfichi mtu.

Hatua ya 6: Kama ulipatikana na hatia

Kenya haina sheria ya jumla inayofuta hatia ya mtu mzima baada ya miaka kadhaa kupita. Anayekuahidi "kufuta kwenye kompyuta" anakuuzia kosa jipya. Njia halali ni kuiondoa hatia yenyewe.

Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, na kucheleweshewa nakala ya hukumu ni sababu inayosikizwa. Aliyekiri kosa, kwa kifungu cha 348, hukata rufaa juu ya adhabu tu. Lakini kama kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, yaani hukusomewa mashtaka kwa lugha unayoielewa, au maelezo ya kosa hayakusomwa, hatia inaweza kutenguliwa. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kumsomea mtu mashtaka na kupokea kukiri kwake, na mawakili huitaja kila siku. Hapo ndipo mwenendo wa kesi unapohitajika wote, neno kwa neno.

Rufaa ikishindikana kabisa, kuna ombi la msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133, kupitia Kamati ya Ushauri kuhusu Huruma ya Rais.

Hatua ya 7: Omba cheti

Subiri uthibitisho kwamba rekodi imesahihishwa ndipo ulipe. Ukiharakisha utalipia jibu lilelile. Omba kupitia eCitizen, ada Sh1,050. Chapisha fomu C-24 pande mbili za karatasi moja, kwa kuwa iliyochapishwa karatasi mbili hukataliwa, pamoja na nakala mbili za ankara. Peleka na kitambulisho halisi Huduma Centre au ofisi ya DCI uchukuliwe alama za vidole. Mikono iwe safi na mikavu. Fundi mwenye vidole vilivyosuguliwa na saruji apumzishe mikono siku chache kabla, maana alama zisizosomeka humrudisha mwanzo wa foleni.