Bomba limepasuka ndani ya nyumba: cha kufanya, hatua kwa hatua

Somo hili ni la nyumba zetu za kawaida: maji ya mamlaka yanapita kwenye mita, yanapanda kwenye simtanki la lita 1,000 au 2,000 lililo juu ya mnara, kisha yanashuka jikoni, chooni na bafuni. Mpangilio huo ndio unaowachanganya watu. Bomba likipasuka, mtu anakimbilia koki ya mita, anaifunga, na maji bado yanamwagika. Hayo ni maji ya tanki. Mwenye pampu inayojiwasha yenyewe ana chanzo cha tatu, maana presha ikishuka pampu inaamka na kusukuma maji zaidi kwenye mpasuko. Kabla ya kugusa bomba lolote, jua nyumba yako ina vyanzo vingapi na kila kimoja kinafungwa wapi.

Hatua ya 1: Umeme

Maji yakiwa yamefika kwenye plagi za ukutani, waya wa ekstensheni ulio sakafuni, au yanadondoka kupitia taa ya dari, zima meni swichi. Ifikie ukiwa umesimama pakavu. Kama njia ya kwenda kwenye meni swichi imejaa maji, usipite. Toa watu nje na upige simu ya dharura TANESCO.

Zima pia pampu na hita ya maji ya moto. Hita ya tangi ikiendelea kuwaka wakati maji yameisha ndani yake, elementi inaungua.

Hatua ya 2: Funga vyanzo vyote

Funga koki ya mita, kisha koki iliyo kwenye bomba linalotoka chini ya tanki. Bolvalvu imefungwa pale mkono wake unapokatiza bomba kama msalaba. Ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Getivalvu, koki yenye gurudumu dogo la mkono, unaizungusha kulia mpaka mwisho.

Getivalvu iliyokaa miaka bila kuguswa hukwama. Usiilazimishe kwa spana ndefu, shina lake litakatika na hapo huna tena koki. Izungushe kushoto robo mzunguko, kulia kidogo, kushoto tena, mpaka uchafu uachie. Ikizunguka bure bila kukaza, basi imekufa ndani.

Kuna matanki mengi yaliyowekwa bila koki yoyote kwenye bomba la kutokea. Ukiwa na la namna hiyo, fungua koki zote za chini na kinga kila chombo ulichonacho: ndoo, madumu, beseni, sufuria. Maji yatakayotoka kwenye koki hayatatoka ukutani, na ndiyo utakayotumia mpaka kazi iishe. Mpasuko unaojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 10 unapoteza lita 120 kwa saa, kwa hiyo tanki la lita 1,000 linakwisha kwa saa nane na kidogo. Siku ya matengenezo, weka bolvalvu mpya hapo kwenye tanki kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Tafuta mpasuko

Bomba la nje linajionyesha. La ukutani linadanganya, kwa sababu maji hushuka ndani ya plasta na kutokea mbali. Anza kuchimba penye unyevu wa juu kabisa, si penye dimbwi. Kama huna uhakika upande gani unavuja, funga koki zote za ndani na ya kuingilia tanki, fungua ya mita, na tazama kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, mvujo uko kati ya mita na tanki. Kikitulia, uko upande wa kushukia.

Hatua ya 4: Kuzuia kwa muda

Hii ni ya usiku ambao duka limefungwa. Kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe utepe wa upana wa sentimita 3 na urefu wa mita 1 hivi. Kausha bomba, anza sentimita 10 kabla ya mpasuko, vuta mpira kwa nguvu huku kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia, vuka sentimita 10 upande wa pili. Juu yake kaza klipu mbili au tatu za mpira wa maji, au waya wa kufungia nondo. Inahimili presha ndogo ya tanki. Presha ya mamlaka itaichosha mapema, na mpasuko mrefu wa kwenda na bomba hautazibwa hivi.

Hatua ya 5: Kutengeneza

Kata sehemu iliyoharibika na uende nayo dukani. PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelewa) ya mm 20 huitwa nusu inchi, mm 25 robo tatu, mm 32 inchi moja, lakini PVC (bomba la plastiki linaloungwa kwa gundi) ya nusu inchi ina kipenyo cha nje tofauti na haiingiliani na PPR. Kipande mkononi kinakuokoa nauli ya safari ya pili.

*PPR.* Utahitaji soketi mbili (viungo vifupi vya kuunganishia bomba kwa bomba), kipande kipya, na mashine ya kuchomelea iliyofika nyuzi joto 260. Soketi moja haitoshi: inashika takriban milimita 14 tu kila upande kwa bomba la mm 20.

Kinachowashinda wengi ni kiungo cha mwisho. Ili bomba liingie ndani ya soketi, lazima lisogee, na bomba lililojengewa ukutani halisogei. Fundi anayechimba tundu dogo kuokoa plasta huishia kusukuma bomba likiwa limepinda, na kiungo hicho huvuja ndani ya wiki. Chimba sentimita 40 hadi 50 kila upande ili bomba liweze kuvutwa nje na kupindishwa kidogo. Pakiwa hapachimbiki, weka yunioni ya PPR (kiungo kinachofunguka na kukazwa kwa nati) na uiache mahali inapofikika.

Weka alama ya kina kwenye bomba. Ingiza bomba na soketi kwenye mashine kwa pamoja, hesabu sekunde 5 kwa mm 20, 7 kwa mm 25, 8 kwa mm 32. Toa, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, shikilia, kisha acha dakika 2 (4 kwa mm 32) bila kuligusa. Ukichoma kupita kiasi au ukizidisha kina, plastiki huvimba ndani na kuziba njia. Kazi inaonekana safi kwa nje lakini koki inatoa uzi wa maji.

Ndani pawe pakavu kabisa. Tone moja linageuka mvuke na kuacha povu kwenye kiungo. Maji yakiendelea kudondoka, shindilia nyama ya mkate (ganda toa) ndani ya bomba; inashika maji kwa dakika kadhaa, kisha inayeyuka. Usitumie karatasi wala kitambaa. Ukimaliza, suuza kupitia koki iliyoondolewa kichujio cha mdomoni.

*PVC.* Piga msasa, kausha, paka gundi pande zote mbili, ingiza ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Ipe saa 24 kabla ya presha kamili.

*Bomba jeusi lenye mstari wa bluu (HDPE).* Chimba pia chini yake sentimita 15 ili tope lisiingie. Kata wima, ingiza kwenye kaplingi mpaka mwisho, kaza. Gundi haihitajiki, wala tredi tepu kwenye bomba. Lilaze juu ya mchanga, si mawe.

*Chuma.* Lililooza kwa kutu sehemu moja limeoza kwingine pia. Badilisha urefu wote.

Hatua ya 6: Kurudisha maji

Subiri saa moja baada ya kuchoma PPR. Fungua koki ya juu kabisa ndani ya nyumba, kisha fungua maji polepole ili hewa itoke. Funga koki, pangusa kiungo, kizungushie karatasi kavu na uitazame baada ya nusu saa. Usipige plasta siku hiyo; acha ukuta wazi usiku mzima. Maji ya kwanza yamwage mpaka yawe meupe, na ya kunywa yachemshe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mbagala: Shikamoo fundi. Nilikuwa natundika runinga, drili ikatoboa PPR upande mmoja tu. Lazima nikate?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Kuna kijiti cha PPR cha kuzibia tobo, na mashine huwekewa kichwa chake maalumu. Bomba likaushwe, tobo na kijiti vichomwe pamoja, kijiti kisukumwe, kikipoa kinakatwa. Kama drili ilipita pande zote mbili, kata na uweke soketi mbili.

Mwanachama, Tabata: Linapasuka usiku tu, mchana liko salama. Kwa nini?

Jibu: Usiku watu wachache wanatumia maji, kwa hiyo presha ya mtandao inapanda. Kiungo dhaifu kinaachia saa hizo. Weka valvu ya kupunguza presha baada ya mita, iweke karibu na bari 3. Lakini kiungo kilichoachia nacho kifumuliwe. Valvu haitaponya kiungo kibovu.

Mwanachama, Arusha: Nimejaza gundi ya PVC kwenye ufa wa PPR, bado inavuja.

Jibu: PPR haishikani na gundi hiyo, hata ungepaka kopo zima. Ni kuchoma tu.

Mwanachama, Mwanza: Mpasuko uko barabarani, kabla ya mita yangu. Naweza kuita fundi wa mtaani?

Jibu: Hapana, ndugu. Kabla ya mita ni mali ya mamlaka, baada ya mita ni yako. Watumie taarifa pamoja na namba ya mita na alama ya karibu ya mahali, wao ndio waguse.

Mwanachama, Kigamboni: Bomba la maji ya moto limeachia mara mbili mwaka huu.

Jibu: Soma maandishi yaliyo juu ya bomba. Kama ni PVC ya kawaida, maji ya moto yanailainisha, haifai hapo. Kama ni PPR ya PN10 (PN ni daraja la presha la bomba), hiyo ni ya maji baridi. Kutoka kwenye hita weka PN20. Angalia pia valvu ya usalama ya hita, ikikwama presha haina pa kutokea.

Mwanachama, Tabata: Nimerudi tena. Tumetengeneza, jikoni maji yanatoka, bafuni hayatoki kabisa.

Jibu: Huenda ni hewa imenaswa kwenye bomba la bafuni, tanki lako halina urefu wa kuisukuma. Chukua mpira wa maji, unganisha koki ya nje ya mamlaka na koki ya bafuni, fungua zote mbili kwa dakika moja. Utasikia hewa ikibubujika juu kwenye tanki. Funga ya nje kwanza, toa mpira, na bafuni patatoka.