Sauti isiyo na mwenyewe: namna ya kuikagua kabla hujaipeleka kwenye grupu la ukoo

Magrupu mengi ya ukoo ya WhatsApp Unguja na Pemba huendeshwa kwa sauti kuliko maandishi. Wazee wengi hupenda kusikia, mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kusoma, na sauti hubeba pumzi, hofu na furaha ambavyo herufi hazibebi. Hatari inaingia hapo hapo. Maandishi yenye shaka mtu huyarudia. Sauti ya mtu anayetweta husikilizwa mara moja, ikasambazwa kabla haijafika mwisho. Picha unaweza kuitafutia asili yake kwa Google Lens, lakini sauti huna pa kuitia. Unabaki na sikio lako, kalenda, na simu ya mtu aliyepo pahala panapotajwa. Kwa sauti nyingi vitatu hivyo vinatosha, na kazi yenyewe haizidi dakika kumi.

Tazama kabla ya kubonyeza

Angalia juu ya sauti. Mshale mmoja maana yake aliyekuletea hakuirikodi yeye, ameipokea akaipeleka mbele. Mishale miwili maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi tangu itoke kwa mwenyewe. Tangu mwaka 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa mishale miwili kupelekwa zaidi ya chati moja kwa wakati. Kwa hiyo simu ikikukatalia kuchagua magrupu matatu kwa pamoja, si mbovu: inakuonya kwamba ulichonacho kimeshazunguka sana.

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani sauti isiyo na mshale ni safi. Mtu akiihifadhi kwenye simu yake kisha akaiambatisha upya kama faili, mshale unaondoka. Akiicheza kwenye simu moja na kuirikodi kwa nyingine, unaondoka pia. Faili lililoambatishwa utalijua kwa alama ya hedifoni badala ya maikrofoni. Iliyorikodiwa kutoka simu nyingine utaijua kwa sikio: msemaji anasikika kama yumo ndani ya kopo, mara nyingi kuna mlio wa kubonyeza mwanzoni, na pengine nyuma yake unasikia mazungumzo ya chumba kingine kabisa.

Sikiliza mara mbili, kalamu mkononi

Mara ya kwanza isikilize yote kwa kasi ya kawaida. Usiiweke mara moja na nusu wala mara mbili, kwa sababu kasi hiyo huficha pahala sauti ilipokatwa. Mara ya pili andika mambo matano: nani anasema, yuko wapi hasa, siku gani, amejuaje, na anakutaka ufanye nini. Chukua mfano wa sauti ya namna hii:

"Assalaam alaykum jamani, hii imetoka sasa hivi, boti zote za Pemba zimezuiwa, bahari imechafuka vibaya, mwenye mtu wake bandarini amwambie arudi nyumbani, wafikishieni na wengine."

Nani? Hakujitaja. Wapi? "Bandarini" tu, na bandari ziko Malindi kwa Unguja, Mkoani na Wete kwa Pemba. Siku gani? "Sasa hivi", na hilo ndilo neno bovu kuliko yote humo, kwa kuwa halizeeki. Lilikuwa kweli asubuhi iliyotamkwa, na miezi sita baadaye bado linasema "sasa hivi". Amejuaje? "Imetoka", bila kusema imetoka kwa nani. Anataka nini? Urudi nyumbani, na umfikishie mwenzio. Katika mambo matano umepata moja, nalo ni amri.

Sauti ya namna hiyo si lazima iwe ya uongo. Nyingi zilikuwa za kweli siku zilipotolewa, na aliyezirikodi alikuwa anamtahadharisha mdogo wake. Kilichoharibika ni kwamba zimetoka mikononi mwake bila jina wala tarehe, zikawa hazina mwenyewe. Mtangazaji wa redio akikosea, unajua kituo, unajua saa, na anaweza kurudi hewani kusahihisha. Sauti isiyo na mwenyewe haina wa kurudi.

Kanuni ya kazi ni hii: chini ya majibu matatu kati ya matano, sauti haiendi popote mpaka umempigia mtu. Ikikosa tarehe, haiendi hata kama mengine yote yapo.

Habari za bahari

Hapa kuna sababu ya watu kushtuka upesi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Nyumba nyingi zina aliyepotea katika safari hizo. Basi sauti ya bahari ikaguliwe kwa upole, lakini ikaguliwe.

Anza na msimu. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Msemaji akisema kusi imekaza na wewe uko Januari, umeshapata jibu.

Kisha tafuta taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tahadhari ya kweli hutaja maeneo, hutaja tarehe, na hutoa vipimo: kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa na urefu wa mawimbi kwa mita. Utasikia, kwa mfano, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani, Unguja na Pemba zikiwemo. "Bahari imechafuka vibaya" si kipimo. Lakini jambo moja huchanganywa mno: tahadhari ya hali ya hewa si tangazo la kuzuia boti. La kwanza linasema bahari itakuwaje, la pili ni uamuzi kuhusu chombo fulani na safari fulani. Kwa la pili piga simu ofisi ya tiketi ya boti unayosafiria, au mpigie mtu aliyesimama bandarini wakati huo. Muulize maswali yanayojibika: "Boti ya saa ngapi imeondoka?" "Tiketi za kesho zinauzwa?" Ukiuliza "Ati boti zimezuiwa?" naye atakujibu "Nasikia hivyo", kwa sababu sauti ile ile imeshamfika.

Mwezi umeandama

Sauti za mwezi ndizo rahisi kuliko zote kukaguliwa, na bado kila Ramadhani zinatutaabisha. Hesabu siku. Mwezi hutafutwa jioni ya tarehe 29 baada ya jua kutua. Ikiwa leo ni tarehe 28 kwa hesabu unayofunga nayo, au sauti imeingia saa kumi alasiri, huo si mwandamo wako wa leo.

Sikiliza pia jina la siku. Mwaka wa Kiislamu una siku 354, na mwaka mrefu 355. Hizo ni wiki 50 na siku nne au tano. Kwa hiyo sikukuu iliyoangukia Jumatano mwaka jana, mwaka huu kwa kawaida huangukia Jumapili au Jumatatu. Sauti inayosema "kesho Jumatano ni Idi" wakati kesho ni Jumatatu ni ya mwaka uliopita, hata kama inatetemeka kwa furaha.

Halafu uliza: umeonekana wapi, na ametangaza nani? Visiwani wako wanaongojea tangazo la Ofisi ya Mufti, na wako wanaofuata mwezi uliothibiti nchi nyingine. Sauti inaweza kuwa ya kweli kabisa kwa jirani yako isiwe yako wewe. Grupu la ukoo lina watu wa pande zote mbili, basi anayeileta aseme wazi tangazo ni la nani. Neno "umeandama" peke yake huwafanya watu wagombane usiku ambao walitakiwa kupika.

Sauti inayoomba pesa

Hapa usikague kwa sikio. Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa kwa kompyuta, na akaunti ya ndugu yako inaweza kuwa imeshachukuliwa, kwa hiyo kuitambua sauti si ushahidi tena. Mpigie mhusika kwa simu ya kawaida, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyotajwa kwenye sauti. Asipopokea, mpigie mtu anayekaa naye nyumba moja. Ukifika kwenye kutuma, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Msiba ni wa Mjomba, jina la mpokeaji ni la mtu asiyejulikana na yeyote katika ukoo: simamisha hapo hapo. Na tarakimu sita zinazoingia kwa meseji ya kawaida usimsomee mtu yeyote, hata akiwa shemeji. Kwa tarakimu hizo ndipo akaunti huchukuliwa. Washa na uthibitisho wa hatua mbili ndani ya mipangilio ya akaunti, ili hata zikitoka mwizi abaki nje.

Kumwambia mkubwa

Mara nyingi aliyeileta sauti ni shangazi, ami au bibi, na kijana akikimbilia kuandika "Ni feki hiyo" mbele ya watu sitini, ameharibu viwili: heshima, na nafasi ya kusikilizwa siku nyingine. Mzee aliyeaibishwa hafuti. Ataacha kuileta kwenye grupu la ukoo, ataipeleka kwengine usikoiona.

Mpigie pembeni, na upesi. Aliyetuma anaweza kuifuta kwa wote kwa muda wa siku mbili na kidogo tu. Ukipita huo, hawezi tena. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo shangazi. Ile sauti ya boti nimeiulizia Mkoani, boti ya asubuhi imeondoka kama kawaida. Naona ni ya zamani. Tuifute, wasije wakapata taabu waliokwisha kukata tiketi." Kisha mwelekeze hatua kwa hatua akiwa hewani kwenye spika: aibonyeze sauti bila kuachia mpaka ibadilike rangi, abonyeze alama ya pipa, achague kufuta kwa wote. Wengi hubonyeza chaguo la kujifutia wenyewe, kwao ikapotea, kwa wengine ikabaki. Basi ukimaliza tazama simu yako mwenyewe uhakikishe imetoka.

Mzee akishindwa kubonyeza, adimini anaweza kuifuta ndani ya grupu, lakini amwarifu kwanza aliyeileta.

Kisha sahihisha kwa njia ile ile kosa lilipopitia: sauti kwa sauti. Maandishi hayatamfikia aliyesikia. Sekunde 20 zinatosha, na tarehe itangulie: "Leo Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi. Anazungumza Asha wa Kengeja. Nimempigia mtu aliyeko bandari ya Mkoani, boti ya asubuhi imeondoka. Sauti inayosema zimezuiwa si ya leo." Sema siku, saa, jina lako na ulipouliza, ili masahihisho yako nayo yasije kuwa sauti isiyo na mwenyewe mwezi ujao. Usitegemee kwamba umeijibu juu ya sauti ya kwanza: mtu akiisambaza ya kwako kwengine, ile uliyoijibu haifuatani nayo, kwa hiyo maneno yako yasimame peke yake.

Na ikiwa aliyeileta anajua kuwa ni ya uongo na anafanya kusudi, hapo si suala la heshima tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu Zanzibar pia, na kusambaza habari za uongo kwa kujua ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili. Inafaa adimini alitaje hilo mara moja, kwa utulivu, bila kumnyooshea mtu kidole.

Kulipanga grupu kabla ya siku ya fujo

Weka maadimini wawili, mmoja anayekaa Unguja na mmoja Pemba, ili mmoja akiwa safarini au umeme umekatika mwengine awepo. Jifunzeni mapema pa kuwasha mpangilio wa maadimini pekee kutuma ujumbe. Siku ya taharuki uwasheni kwa saa moja au mbili, toeni sauti moja ya taarifa, kisha uzimeni. Ukiachwa siku nzima, watu hufungua grupu jengine, na huko hamtakuwemo.

Katika maelezo ya grupu andikeni orodha ya watu wa kuulizwa, kila mmoja kwa pahala pake: aliye karibu na bandari ya Malindi, wa Mkoani, wa Wete, anayefanya kazi hospitali, anayefahamiana na sheha wa shehia yenu. Watano au sita wanatosha. Waombeni idhini kabla ya kuandika namba zao, na waulizeni saa ambazo hawapendi kupigiwa. Karibu na Ramadhani na siku za safari nyingi, ibandikeni orodha hiyo juu ya grupu. WhatsApp inakupa saa 24, siku 7 au siku 30, nanyi chagueni 30.

Orodha huharibika kimya kimya. Mtu hubadilisha laini, huhama, huacha kazi ya bandarini. Kila baada ya miezi mitatu adimini azipige namba zote, na isiyopokelewa mara mbili kwa siku mbili tofauti aiondoe siku hiyo hiyo, kisha atafute mtu mwengine wa pahala pale pale.