SOMO: Kuandika besiboli ya Uganda kwenye Wikipedia bila makala kufutwa

Swali ni lile lile kila wiki: "Makala yangu imefutwa, nifanyeje?" Nimeamua kuandika yote hapa. Mwenye swali asome kwanza, kisha aulize.

1. Fungua akaunti. Usitumie jina la klabu wala la shule. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza akaunti kama hizo huzuiwa.

2. Zima VPN. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, wengi huacha VPN ikiwaka mchana kutwa. Wikipedia huzuia uhariri unaopitia huko. Ukiona ujumbe kwamba anwani yako imezuiwa, anza kukagua hapo.

3. Tafuta kama makala ipo. Tafuta jina kwa mipangilio yote miwili, maana magazeti yetu mara nyingi hutanguliza jina la ukoo. Ukikuta ipo, iboreshe, usianzishe ya pili.

4. Vyanzo. Hapa ndipo makala nyingi hufia, kwa hiyo soma polepole.

Chanzo kinachofaa ni kile kisicho na maslahi na mchezaji au timu, na kinachomzungumzia kwa kina. Habari ya Daily Monitor, New Vision au Kawowo Sports inayoeleza alikotoka mchezaji, nafasi anayocheza na alichofanya uwanjani, hiyo inafaa. Orodha ya kikosi haitoshi. Ukurasa wa klabu hautoshi. Taarifa ya shirikisho iliyobandikwa gazetini neno kwa neno bado ni taarifa ya shirikisho. Habari tano zilizonakiliwa kutoka moja huhesabiwa kuwa moja. Na Wikipedia ya lugha nyingine si chanzo kabisa.

Tangu 2022 Wikipedia ya Kiingereza imekaza zaidi: mchezaji kushiriki mashindano pekee hakumpi makala. Kwa hiyo kusanya vyanzo viwili au vitatu vya kina *kabla* ya kuandika sentensi ya kwanza. Ukivikosa, andika aya moja ndani ya makala ya timu au ya mashindano. Aya hiyo itadumu, makala tupu haitadumu.

TAHADHARI: viungo vya magazeti yetu hufa. Kila kiungo unachotumia kihifadhi siku hiyo hiyo kwenye Wayback Machine (tovuti inayohifadhi nakala za kurasa), na anwani ya nakala uiweke ndani ya tanbihi.

5. Usichanganye miaka. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilishinda kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, ikafuzu Little League World Series (mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, hufanyika Williamsport, Marekani), lakini ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka za umri na kuzaliwa. Saudi Arabia ikaenda badala yake. Timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule Williamsport ni Lugazi, 2012, nayo iliifunga timu ya Oregon, Marekani, 3-2. Mwaka 2015 Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Anayeandika kwamba tulicheza 2011 anawapora watoto wa Lugazi heshima yao.

6. Takwimu za mrushaji (pitcher). Tarakimu baada ya nukta kwenye awamu (innings) alizorusha si desimali, ni theluthi, maana kila awamu ina wachezaji watatu wa kutolewa. 40.1 ni awamu 40 na theluthi moja, 40.2 ni 40 na theluthi mbili. 40.3 haipo. Wastani wa ERA ni mikimbio iliyo halali juu ya mrushaji, mara 9, gawanya kwa awamu. Mikimbio 15 katika 40.2 ni 3.32, ukigawanya kwa 40.2 ya kikokotoo utapata 3.36, na mhariri mwingine ataifuta. Mchezo wa Little League una awamu 6, hivyo huzidishwa kwa 6: mikimbio 2 katika 5.1 ni 2.25. Kabla ya kuweka namba, hakikisha chanzo chako kimetumia 6 au 9.

7. Picha. Haki ni ya aliyebonyeza kamera, si ya aliyepigwa picha. Picha za Instagram hufutwa Commons, ghala la picha la Wikipedia. Piga yako.

8. Jaza muhtasari wa uhariri, unganisha makala na Wikidata (hifadhidata inayounganisha makala za lugha zote), hifadhi.

---

Mlinzi_wa_kati: Mkuu, makala ya timu yetu imefutwa bila sababu. Nisaidie kuirudisha.

Mwandishi: Sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu ya ufutaji. Leta vyanzo viwili vya hatua ya 4.

Mlinzi_wa_kati: Vyanzo vya nini wakati mimi ndiye kocha? Naijua timu kuliko magazeti.

Mwandishi: Ndiyo maana usiiandike wewe. Nenda ukurasa wa majadiliano, sema wazi kwamba wewe ni kocha, omba wengine waongeze, na uwape viungo. Sikuweka kanuni hii mimi.

Nyota_Mukono: Samahani ndugu, shule yetu ina madaftari ya alama ya misimu mingi, kila mrusho umeandikwa. Yanaweza kutumika?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Kama tanbihi, hapana, kwa sababu hayajachapishwa na msomaji hawezi kuyakagua. Lakini usiyaache yaliwe na mchwa. Piga picha kurasa zote mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, zipe majina kwa tarehe na wapinzani. Kisha mtafute mwandishi wa michezo umwonyeshe. Akiandika habari kutokana nayo, habari hiyo ndiyo itakuwa chanzo chako.

Nyota_Mukono: Na kikosi cha 2012, niweke majina yote na tarehe za kuzaliwa?

Mwandishi: Tarehe usiweke. Walikuwa watoto, na ni watu walio hai. Majina weka ya wale tu waliotajwa kwa kina kwenye vyanzo. Kuhusu 2011 andika "hitilafu za nyaraka" kama vyanzo vinavyosema, kamwe usiandike kwamba mtoto alidanganya.

boda_na_popo: Dennis Kasumba wetu ni mchezaji wa MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani), mbona mmemtoa kwenye jamii (category) hiyo ya Wikipedia?

Mwandishi: Kwa sababu 2023 alichezea Frederick Keys kwenye MLB Draft League. Hiyo ni ligi ya wanaotafuta kuchaguliwa na timu za MLB. Jina la ligi lisikudanganye.

Kalamu_Jinja: Bando langu huisha kabla sijahifadhi. Kuna njia?

Mwandishi: Andika maandishi yote kwenye programu ya kumbukumbu ya simu ukiwa nje ya mtandao, tanbihi zikiwemo. Ukiingia, hariri sehemu moja tu ya makala, si ukurasa mzima, na utumie uhariri wa msimbo (source editor), ambao hula data kidogo kuliko ule wa kuona (VisualEditor).

Kalamu_Jinja: Nikitafsiri ya Kiingereza kuja Kiswahili?

Mwandishi: Ruhusa ipo. Kwenye muhtasari taja makala uliyotafsiri, na fungua kila kiungo uhakikishe bado kinasema kile makala inachodai.