Kufungua ekseli ya mbele ya pikipiki kubwa kwa bolti na nati mbili

Pikipiki za bodaboda hazina shida hapa: ekseli ya mbele (mhimili unaoshika gurudumu) ni bolti ndefu yenye nati upande wa pili, spana mbili zinamaliza kazi. Mwongozo huu ni wa pikipiki kubwa ambazo ekseli yake ina tundu la pembe sita mwishoni. Tundu hilo mara nyingi ni la milimita 17, 19, 22 au 24, na alenki (ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya tundu) nene kiasi hicho si kila duka la vipuri linayo. Bolti ya kawaida ikiingizwa kichwa chake humo inafanya kazi ileile.

Kifaa

1. Pima tundu kwa venia (kipimo cha taya mbili), kutoka ubapa mmoja hadi ubapa unaotazamana nao.

2. Dukani pima kichwa cha bolti, usiitishe kwa unene tu. Namba baada ya M ni unene wa bolti kwa milimita: M16 ina kichwa cha milimita 24. M14 huja na 22 au 21, M12 na 19 au 18, M10 na 17 au 16, kutegemea kiwango alichofuata mtengenezaji. Milimita moja ikipungua, kona za tundu zinalika.

3. Chukua yenye alama ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani, urefu wa milimita 60, meno hadi karibu na kichwa, pamoja na nati mbili. Bolti laini za mabati ya nyumba achana nazo.

4. Saga kidogo uso wa juu wa kichwa. Kingo zake zimekatwa mshazari, na sehemu hiyo haishiki kitu ndani ya tundu.

5. Funga nati zote mbili, kisha zibane moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wakati wa kufungua, weka spana kwenye nati ya ndani, iliyo karibu na kichwa. Ikigeuzwa kushoto inaisukuma ya nje na kujibana zaidi. Wakati wa kukaza, tumia ya nje. Ukikosea, nati zinaachiana na utadhani ekseli imeganda. Kwa M10 afadhali upeleke nati ikachomelewe kwenye bolti, maana meno yake ni membamba kwa mkazo wa ekseli.

Kutoa gurudumu

Legeza kwanza bolti ndogo zinazobana ekseli chini ya shokapu. Zikisahauliwa, hakuna nguvu itakayoitoa bila kuharibu kitu. Halafu legeza ekseli yenyewe tairi likiwa bado chini, na ukiwa umeshikilia kifaa kikae kimenyooka ndani ya tundu.

Sasa inua mbele kwa jeki yenye ubao juu yake, chini ya injini, si chini ya ekzosi wala filta ya oili. Fungua kalipa za breki (vibanio vinavyoshika diski), uzining'inize kwa waya, zisibebwe na paipu. Weka kipande cha mbao kati ya pedi, kwa sababu mtu akigusa breki diski haipo, pistoni zitatoka. Kama kuna sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge unapobana breki), itoe kabla gurudumu halijasogea.

Ekseli ikiwa ngumu, isukume kwa fimbo ya shaba au alumini. Nyundo ya chuma moja kwa moja hutanua mwisho wake, na baada ya hapo haipiti kwenye beringi. Piga picha bushi (vipande vya bomba vinavyokaa kwenye ekseli kando ya gurudumu) za pande zote mbili kabla hazijaanguka, kwani mara nyingi urefu wake hautofautiani sana na ni rahisi kuzichanganya.

Kurudisha

Futa ekseli, paka grisi nyembamba, uiingize kwa mkono. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kufuata namba ya kitabu cha pikipiki hiyo. Rudisha kalipa, shusha pikipiki, bana breki ya mbele na usukume usukani chini mara tano au sita ili shokapu zijipange, ndipo ukaze zile bolti ndogo. Ukizikaza mapema, shokapu zinavutana na kupanda kwa shida. Minya breki hadi mkono wa breki urudi kuwa mgumu, kwani minyo ya kwanza haishiki kabisa.