"Three sheets to the wind" si mashuka matatu

Ukikutana na Kiingereza "he was three sheets to the wind", tafsiri yake ni fupi: alikuwa amelewa chakari. Wengi hukwama kwenye neno "sheet". Wanadhani ni shuka, au karatasi, au tanga lenyewe. Siyo. Kwa mabaharia "sheet" ni kamba inayofungwa pembe ya chini ya tanga ili kulivuta au kulilegeza. Manahodha wa majahazi yetu huiita demani, na hilo ndilo neno la kulikumbuka.

Demani ikiponyoka, tanga hupigapiga ovyo, halishiki tena upepo. Zikiponyoka tatu, chombo hupoteza mwendo na kuyumba huku na huku, sawasawa na mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Msemo ulikuwa tayari umechapishwa London mwaka 1821, ila wakati ule walisema "in the wind". Umbo la "to the wind" lilishika baadaye, nalo ndilo la kutumia leo. Mabaharia walipima ulevi kwa idadi ya kamba: moja ni kuchangamka tu, tatu ni tilalila.

Katika sentensi hutanguliwa na kitenzi "be", na "sheets" haipotezi s hata kwa mlevi mmoja. Ni lugha ya maongezi, kwa hiyo kwenye ripoti ya polisi au ya daktari andika "drunk" au "intoxicated".