Namna ya Kupima Wajibu Wako kwa Uamuzi Uliofanya Katika Dhiki

Mkulima wa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, anayeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada na kwa bei ya chini, miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa kuwa mtoto anaumwa na ndani hamna kitu, husema baadaye kwamba hakuwa na hiari; jirani yake husema alijitakia. Wote wawili wamehukumu kwa haraka.

Kwanza taja tendo kama lilivyokuwa. "Nilipokea fedha na kuahidi magunia mawili kwa bei ya kutupa" ni kauli inayoweza kupimwa, ilhali "maisha yalinilazimisha" haipimiki.

Kisha tafuta shuruti na kutojua, maana hizo ndizo hoja mbili ambazo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona zinaweza kumwondolea mtu lawama. Alitoa mfano ambao nahodha yeyote wa Mikindani au Kilwa angeuelewa: wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba hawaitupi kwa kupenda, lakini mikono inayotupa ni yao na wanajua wanalolifanya, kwa hiyo tendo lao ni la mchanganyiko, nalo liko karibu zaidi na hiari. Mauzo ya kangomba mara nyingi ni ya aina hiyo, kwani dhiki hupunguza njia bila kuzifunga zote. Na kama ungeweza kuuliza bei katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima lakini hukuuliza, kutojua kwako hakukutetei.

Hatua inayostahili muda mrefu zaidi ni kurudi nyuma hadi wakati uhuru wako ulipokuwa mpana. Malipo ya mnada yalipoingia, uligawaje fedha kati ya sherehe ya unyago, bati la nyumba, salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu uliofuata na akiba ya miezi ya njaa? Huko ndiko sehemu kubwa ya wajibu hukaa, ingawa aliyecheleweshewa malipo yake hawezi kupimwa sawa na aliyelipwa mapema, na mimi naona ni dhuluma kuwapima sawa.

Mwisho, mtaje pia mnunuzi aliyeijua shida yako na kuitumia, bila kumtwisha fungu lako. Baada ya hapo andika jambo moja lililo mkononi mwako kabla ya mauzo yajayo, kwa mfano kiasi cha akiba, na umweleze mtu wa nyumbani atakayekuuliza.